Simu za Watu na Pumzi ya Papa Ramazani

Sikuwa uchi. Nianze hapo hapo, maana najua habari hii mmekwisha kuisikia sokoni na kwenye bomba la maji, hata kwenye mlango wa kanisa, na kila anayeisimulia ananivua nguo moja zaidi, mpaka sasa watu wananisalimia huku wakitazama chini. Nilikuwa na blauzi ya kazi, vifungo vyote vimefungwa, na nilikuwa na jiponi, ile nguo nyepesi inayovaliwa ndani ya kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, safi, ndefu kupita magoti, niliyoifua mwenyewe (ilikuwa na tundu upande wa nyuma, hilo silikatai). Aibu iliyonipata ni kubwa ya kutosha bila kuongezewa, kwa hiyo kaeni niwaambie ilivyokuwa, halafu mkicheka mcheke kitu cha kweli.

Kazi yangu mnaijua. Mimi si muuguzi. Ninafagia, ninapiga deki, ninabadili mashuka na kumwaga vyombo vya wagonjwa katika pavio, yaani wodi, ya wanaume, kwenye hospitali moja ya hapa Kalemie ambayo sitaitaja jina. Baba alipokufa kule Kabimba, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia baba, niliacha shule katikati nikabaki na wadogo zangu, Kashindi na wale wawili wanaomfuata, na tangu hapo hakuna asubuhi niliyoamka bila kupiga hesabu ya nani atakula nini. Hospitali walinichukua kwa kazi ya siku, yaani leo upo, kesho utajua kesho.

Sasa, kila pavio ina kona yake ya dharura. Kwetu iko mwisho wa chumba, nyuma ya pazia la kukunja, na hapo kuna mashine ya oksijeni, kuna balo ya mpira ya kumpumulisha mtu aliyeishiwa nguvu, kuna tochi na sanduku la dawa. Zamani kona hiyo ilikuwa ya wote, na kitu cha wote mnajua kinavyotunzwa: muuguzi wa mchana alidhani wa usiku ameangalia, wa usiku akadhani wa mchana ataangalia, mpaka siku moja tochi ikatafutwa ikapatikana, lakini mawe yake ya batri yalikuwa yamevuja na kuoza ndani. Papa Titilere (njo vile tunavyomwita mkuu wa wauguzi wa pavio yetu) akasema imetosha, toka leo kona hii ina muntu mumoja, na muntu huyo ni Feza, yaani mimi. Muuguzi Sifa akacheka kabisa, akauliza toka lini ufagio unakagua oksijeni. Papa Titilere akamjibu kwamba wauguzi wanabadilishana kila siku, Feza habadilishwi.

Akanifundisha kwa uvumilivu. Kila asubuhi, kabla ya kushika ufagio, niwashe mashine, nisikilize inavyonguruma, niweke kidole kwenye mpira wake nisikie upepo, nitazame taa ya batri iwe ya kijani, niifinye ile balo, nijaribu tochi, halafu nizime kila kitu na kumwambia neno moja tu: iko. (Dawa aliziangalia mwenyewe, hizo hakuniachia.) Na kwa sababu umeme wa mji kwetu ni mgeni, anakuja akitaka na kuondoka bila kuaga, kona ile ina batri yake kubwa inayojazwa na pano za jua zilizo juu ya bati. Batri hiyo ni ya mashine hiyo tu. Aliniambia waziwazi, siwezi kusema sikuambiwa.

Siku yenyewe niliamka moyo ukikimbia. Dokta wa zone ya afya alikuwa anakuja baada ya chakula cha mchana kutazama vifaa vya dharura, pavio kwa pavio, na Papa Titilere alikuwa ameniahidi kwamba wakifika kwetu atasema mbele ya wote kuwa anayeitunza kona ni mimi, na kwamba anaomba jina langu liingizwe kati ya wafanyakazi wa kudumu. Wa kudumu, jamani. Kashindi yuko mwaka wa mwisho, na mimi nilikuwa sijui kama mwezi unaofuata nitaambiwa nisirudi. Usiku kucha nilikuwa nageuka kitandani nikisema yale nitakayosema, na njia nzima ya kwenda kazini nilikuwa natembea na kukimbia, natembea na kukimbia, kama mtu anayefuatwa.

Nilikagua kona kuliko siku zote. Niliwasha mashine, nikaizima, nikaiwasha tena. Nilipangusa hata chini ya magurudumu. Taa ilikuwa ya kijani kama jani la muhogo. Nikamwambia Papa Titilere: iko. Akatikisa kichwa, akaenda kwenye biro yake, na mimi nikaona kwamba mzigo wa siku ile nimekwisha kuutua. (Hapo njo nilipokosea, lakini ngojeni.)

Sijamaliza hata kulowesha deki, Mama Jozefina akanishika mkono. Yeye ni gadimaladi, yaani mmoja wa wale wanaolala na wagonjwa wao na kuwapikia pale uani, na alikuwa ametoka mbali, Kirungu, na bwana wake aliyevunjika mguu kwenye njia za milimani. Mji ulikuwa hauna umeme siku nyingi, na simu yake ilikuwa imekufa.

"Feza mutoto wangu," akasema kwa sauti ya chini, "watoto wangu hawajue kama baba yao iko muzima. Uniwekee kidogo tu, wasikie sauti yangu, basi."

Angeniomba kwa jambo lingine ningekataa. Lakini mimi niliwahi kukaa siku nzima mlangoni nikingoja habari ya baba. Nikaitazama ile simu, ndogo, ya vitufe, imefungwa na mpira ili isiachane vipande. Nikajiambia, kitu hiki kitakula nini? Nikaenda nyuma ya pazia, nikaichomeka.

Papa Titilere naye akapita baadaye kidogo, ana haraka, akanitia simu yake mkononi bila hata kunitazama, akasema nimtafutie kuran, yaani umeme, mahali, wageni watampigia wakikaribia. Hakusema mahali gani. Na mimi sikuuliza, nikaiweka kando ya ile ya Mama Jozefina, na kwa kweli nilifurahi, maana nilijiambia sasa hata mkubwa yumo.

Chumba cha wagonjwa hakina siri. Wa kitanda cha pili akasema na yeye ana watoto. Wa kitanda cha dirishani akasema mke wake yuko Kongolo, mjamzito. Mtu mmoja akatokea na ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, yenye matundu mengi, sijui aliitoa wapi, akaniletea kama anayeleta zawadi. Mwanakorali mmoja aliyekuja kumwona mjomba wake akaleta bafle ya korali, ile spika kubwa ya kwaya yenye magurudumu, akasema ni ya kazi ya Mungu. Muuguzi Sifa, yule yule wa ufagio, akaja kimya, akaniita dada yangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Nilimkatalia nani? Ukishamkubalia mmoja, kila anayefuata unamwona kama unamdhulumu.

Papa Ramazani naye alinipungia mkono kutoka kitandani. Mnamjua wengi wenu, yule fundi wa kushona, mtu wa pumu, mwenye mdomo. Alikuwa amelazwa kwa kubanwa kifua, na siku zile alikuwa amepata nafuu sana, anakaa, anakula, anamtania kila anayepita. Mimi aliniita Mademoiseli Oksijeni. Akanipa simu yake pana, akasema niishike vizuri, ndani yake kuna vipimo vya suruali vya nusu ya mji. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa anamchemshia chai ya tangawizi asubuhi, mchana na jioni, mama mpole ambaye hajawahi kumsumbua mtu.

Tangu hapo sikutulia. Ninapiga deki vitanda viwili, ninakwenda nyuma ya pazia kutazama taa. Kijani. Ninamwaga ndoo, ninarudi. Kijani bado. Ninabadili shuka, ninarudi. Nilikuwa nimepanga kwamba jua la mchana litajaza kile simu zilichokula, nitazitoa zote kabla ya chakula, na hakuna atakayejua. Lakini mawingu yakapanda kutoka ziwani, mazito, yakakaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria, na nilipotazama tena taa ilikuwa ya rangi ya chungwa. Hapo mtu mwenye akili angezing'oa. Mimi nikatoka nje nikatazama mbingu, nikarudi nikatazama taa, nikatoka tena. Nikajiambia hili wingu litapita. (Halikupita, mvua yenyewe ikanyesha kesho yake.)

Basi nikiwa katikati ya kutoka na kuingia huko, nikamwona Papa Titilere anakuja kwa hatua ndefu, koti limefungwa mpaka shingoni, akasema wageni wamefika kabla ya wakati na wanaanza na sisi. Nikaruka nyuma ya pazia. Nikazing'oa simu zote, sharjeri nikazitupa kwenye ndoo ya deki (ndiyo, ilikuwa na maji, msinikumbushe), bafle nikaifunika na shuka, na simu zikabaki mikononi, rundo zima, na viatu vya wageni nikavisikia vimekwisha kuingia mlangoni. Sikuwa na pa kuzificha. Nikafungua kikwembe changu kiunoni, nikazipanga ndani ya mkunjo kuzunguka tumbo na mgongo, nikakifunga tena kwa fundo. Nikatoka pale nimenenepa ghafla, natembea taratibu kama mwenye mimba ya miezi yote.

Dokta wa zone alikuwa mama mmoja mfupi, wa sauti ndogo, asiyecheka. Papa Titilere akaanza hotuba yake. Akasema zamani kona hii ilikuwa yatima (neno hilo alilitumia, na lilinigusa), lakini sasa ina mwenyewe, na mwenyewe ni binti huyu, Feza, ambaye kila asubuhi bila kukosa anaikagua. Dokta akanitazama, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimekaribia, jamani. Nilikuwa nimekaribia kabisa.

Simu ya kwanza ikatetemeka kwenye nyonga yangu, nikaruka kama niliyeng'atwa na siafu. Nikakohoa ili kuifunika. Ya pili ikalia mgongoni, wimbo wa kucheza, wenye ngoma. Mnaelewa, simu zilizokuwa zimekufa siku nyingi zimefufuka kwa pamoja, na kila aliyekuwa akizitafuta kule Kirungu na Kongolo sasa anazipata. Nikabana mikono ubavuni. Papa Titilere akanyamaza katikati ya neno. Wagonjwa wakaanza kuinua vichwa. Na hapo, kutoka tumboni kwangu mimi, mtoto wa parokia, muimbaji wa misa ya pili, ikatoka adhana ya adhuhuri, safi, ndefu, kwa sauti yote ya simu ya Papa Ramazani.

Watu wote wakalitazama tumbo langu. Kisha Papa Ramazani mwenyewe akajiegemeza kwenye mto, akauliza taratibu:

"Mademoiseli, umesilimu lini? Mbona hukutuambia tukuandalie?"

Pavio nzima ikapasuka. Walicheka wenye miguu ya plasta, walicheka wenye drip, Sifa akageukia ukuta. Nilitamani sakafu niliyoipiga deki inimeze. Na aliyecheka kuliko wote ni Papa Ramazani, alicheka mpaka machozi, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaendelea, kikaendelea, na sisi tukanyamaza mmoja mmoja, maana yeye alikuwa hakohoi tena, alikuwa anavuta. Anavuta na hakuna kinachoingia. Mabega yake yalipanda mpaka masikioni, na kifuani ikatoka sauti kama filimbi iliyozibwa.

Mama Zaina akaita jina la bwana wake mara moja tu. Sifa alikuwa amekwisha kufika na dawa ya kuvuta, Papa Titilere akaisukuma mashine mpaka kitandani, akavuta waya, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikatoa ule mlio wake wa kulalamika, taa ikawa nyekundu, ikazima. Akabonyeza tena. Kimya. Na kule nyuma ya pazia, ambalo sasa lilikuwa limesogezwa, watu wote waliona ralonji, na kwenye ralonji, birika la umeme la kuchemshia maji, limechomekwa, bado linatoa mvuke. Hilo sikuliweka mimi wala sikuliona. Lilikuwa limefichwa chini, nyuma ya sanduku, na kwa haraka ya kung'oa simu sikuuona waya wake, na lilikuwa limekunywa batri kuliko simu zote pamoja.

Papa Titilere akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Feza. Asubuhi ulisema iko."

Nikajibu kwamba ilikuwa. Hilo njo jibu lililonitoka, na nitalisikia mpaka nizeeke.

Sifa akashika balo akaanza kumsaidia mzee kupumua, akifinya taratibu, akihesabu kwa midomo. Dokta akauliza kuhusu jenereta, akaambiwa fundi ameifungua vipande vipande tangu jana. Akawaza kidogo tu, akasema gari yake ya jipu ina batri nzuri, ije mpaka dirishani, wapitishe nyaya. Akauliza nani anamjua shofere wake. Mimi nilikuwa nimemwona getini. Sikungoja kuambiwa.

Nikakimbia. Ua wetu mnaujua, ule wa katikati, saa ile unajaa magadimaladi wanaopika, wanaofua, wanaosuka nywele, na mimi nikapita katikati yao nikilia kila upande kama duka la simu lenye miguu. Nilikuwa karibu na mahali pa kuanikia nguo, fundo la kikwembe likaachia. Nililisikia likiachia. Kikwembe kikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu na simu zikamwagika chini kama ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye ndoo, zikiruka, zikiwaka, nyingine bado zinaimba. Nikabaki na jiponi.

Nataka mniamini katika hili moja. Kuinama na kukifunga upya ni jambo la muda mfupi sana, kila mwanamke anajua. Na nilianza kuinama, mkono ulifika kwenye kitambaa. Lakini masikio yangu yalikuwa bado na ile filimbi iliyozibwa, na nikaona kwamba muda huo mfupi si wangu. Nikaruka kikwembe nikaendelea kukimbia hivyo hivyo, na nyuma yangu nikasikia mtu anapiga mluzi, na mama mmoja anasema maskini, huyu naye kichwa kimeharibika.

Shofere alikuwa amekaa kando ya jipu anakula bukari, yaani ugali, na samaki wa mikebuka. Akainua macho akaona mwanamke wa jiponi anamjia mbio, anapiga kelele kwamba Dokta anataka gari dirishani. Gari dirishani, mtu gani mzima anasema hivyo? Akaacha chakula, akaingia ndani ya jipu, akafunga mlango, akapandisha kioo. Nikapiga kioo kwa viganja viwili. Alinitazama kwa huruma, akanipungia mkono niende. Wamotari, wale waendesha pikipiki wa pale nje, wakaanza kunipigia makofi, mmoja akisema mama ongeza, kioo bado kizima. Nilikuwa nalia sasa. Aliyeniokoa ni mlinzi wa geti, akagonga upande wa pili akamwambia shofere:

"Huyu ni Feza wetu. Iko muzima. Kama anakimbia hivi, muntu anakufa. Endesha."

Akaendesha. Njia ya gari ya kufika dirishani haipo, kwa hiyo akapita uani, watu wakaokoa masufuria yao, na kamba ya kuanikia ikang'oka na kila kilichokuwa juu yake, jipu ikafika imefunikwa mashuka na vikwembe vya watu kama bibi harusi. Dokta mwenyewe akapitisha nyaya dirishani, Papa Titilere akazipokea, wakazibana kwenye batri ya jipu huku injini inawaka. Mashine ikalia, ikanguruma, ikashika. Nilisimama nje ya dirisha, vidole kwenye nondo, nikimtazama Papa Ramazani na ile mask usoni, na mimi nilikuwa navuta pumzi kila alipovuta na kungoja kila alipongoja. Ilichukua muda mrefu kabla mabega yake hayajashuka. Yaliposhuka, niligundua kwamba mtu alikuwa amenifunga kikwembe changu. Ni Mama Jozefina, alikuwa nyuma yangu.

Wakaniita ndani. Mtu alikuwa ameokota simu zote akazitia kwenye beseni, zenye vumbi, nyingine zimepasuka uso, na beseni hilo likawekwa mbele ya Dokta. Akauliza nani anahusika na ile mashine. Kila mtu alikuwa anajua, na kila mtu akatazama mahali pengine. Nikasema ni mimi. Akauliza birika ni la nani. Nilikuwa nimemwona Mama Zaina amesimama kichwani pa bwana wake, kikombe cha chai bado mkononi, machozi yanamshuka bila sauti, na nikaelewa. Nikasema sijui, lakini kona ni yangu, kwa hiyo na birika ni juu yangu.

Dokta akanitazama sana. Halafu akasema wenye simu waje wachukue, mmoja mmoja, mbele yake.

Hakuna aliyesogea. Kisha Mama Jozefina akaja, akainama kwenye beseni, akasema ya kwangu njo hii, na ni mimi nilianza, huyu mutoto nilimuomba. Wakafuata wengine. Sifa akaja na shingo imelegea, akachukua yake. Wa mwisho kabisa, wakati nilidhani imebaki ya Papa Ramazani peke yake, Papa Titilere akanyoosha mkono.

"Na weye, Titilere," Dokta akasema.

Papa Titilere aliipangusa simu kwenye koti lake, akaipangusa tena, na mimi niliyekuwa nikiogopa siku nzima kwamba atanikasirikia, nikajikuta nashindwa kumtazama kwa kumhurumia.

Habari ya kazi ya kudumu haikutajwa. Dokta alisema batri itiwe ndani ya sanduku la kufuli lisilo na tundu la mtu kuchomeka kitu, na kona ikaguliwe kila wauguzi wanapopokezana, si asubuhi tu, na anayeikagua asimame na muuguzi anayeingia, waitazame wawili. Kuhusu mimi alisema niendelee kwa siku hivyo hivyo, na kwamba atarudi, na safari hiyo hatamwambia mtu. Basi. Akaondoka na jipu yake, shofere akipita mbali nami.

Nilifika nyumbani habari imekwisha kunitangulia. Wale wadogo wawili walikuwa nje, mmoja anakimbia akipiga kioo cha hewa kwa viganja, mwingine ni shofere. Waliponiona wakasimama. Kashindi alikuwa kwenye jiko, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Yaya, dada yangu, wamekufukuza?"

Nikasema hapana, bado.

"Basi njoo ule," akasema, akanisogezea kiti.

Papa Ramazani nilimkuta asubuhi amekaa, mwembamba kuliko jana, mke wake amemgeuzia mgongo kwa aibu. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote. Akaniita karibu, akasema polepole, maana sauti ilikuwa bado haijarudi vizuri, kwamba yeye ni mtu wa kwanza katika mji huu kunywa pumzi yake mwenyewe na tangawizi, na kwamba haikuwa na sukari ya kutosha. Mama Zaina akacheka na kulia. Na mimi pia. Sasa akipona kabisa ameahidi kunishonea jiponi mpya, isiyo na tundu, na amewatangazia wagonjwa wote sababu.

Wanaponiita Mama Kabine, kama wale wanaochaji simu za watu sokoni, ninaitika. Nimezoea. Lakini bado sitembei nikatulia. Ninapiga deki na sikio moja liko nyuma ya pazia, nikisikia gari getini moyo unaruka, na mchana, hata kama hakuna aliyeniuliza, ninakwenda kuiwasha mashine na kuweka kidole kwenye mpira, maana nimejifunza kwamba ile "iko" yangu ni ya kweli wakati ule tu ninapoitamka, na baada ya hapo mashine haikumbuki kwamba niliisifu. Na simu sipokei tena. Awe mama wa mbali, awe mkubwa wangu, awe Kashindi mwenyewe. Ukija na simu iliyokufa nitakuonyesha njia ya sokoni kwa heshima zote, na ukiniambia Feza, ni dakika moja tu, nitakuomba kwanza uzuie pumzi hiyo dakika moja, mbele yangu, halafu tuongee.